Nyua Themanini na Nane

Kairo, 9 Oktoba

Dada Insaf,

Nakuomba, kabla hujafika mstari wa pili: barua hii isome peke yako. Usimsomee mumeo, usiiache mezani pale kwenye kiwanda cha chapa, na ukiimaliza ichome au ifiche mahali ambapo hata wewe utapata taabu kuipata. Kila neno lililomo liwe kati yako na mimi. Simu siiamini tena. Katika ofisi yetu ya makaburi, sisi makarani tunaziacha mezani na kila mtu anaokota ya mwenzake. Ndiyo maana nimempa shemeji Shawqi akuletee kwenye treni anayokagua tiketi.

Baada ya hayo, salamu nyingi. Hujambo wewe na watoto, na goti linasemaje? Mimi mzima, ila tumbo limerudia yale yale. Daktari anasema ni woga tu, na woga hauna dawa yake.

Sasa sikiliza. Kuna msanii, Bi Dawlat, amepewa kibali cha siku arobaini hapa upande wa mashariki wa makaburi yetu ya Sidi Mufarrij. Atatandaza mashuka meupe juu ya nyua za familia, zile zenye kuta ambamo kila ukoo huzika watu wake, kila ua shuka lake, na juu ya kila shuka ataandika kwa wino wa bluu maneno yaliyochongwa kwenye marumaru ya ua huo. Siku arobaini zikiisha atayaanua na kuyafua, wino utoke. Anasema hayo ni matanga yake. Kwa kuwa kazi yenyewe haitabaki, anataka kitabu kibaki. Aliuliza ofisini kama kuna anayemjua msanifu wa vitabu mwenye subira, nikakutaja. Nisamehe kwa kutokuuliza kwanza.

Siri ni mbili. Ya kwanza: wapimaji wamepita upande huo huo wa mashariki wakapaka namba nyekundu kutani. Kuna barabara inakuja. Haijatangazwa, nimeiona kwenye faili nililopewa nilipige muhuri. Ua wetu una namba.

Ya pili: mkuu wetu, Ustadhi Tharwat, ameamuru Bi Dawlat apewe yaliyo ukutani tu, si yaliyo kwenye rejista. Na wewe unajua ukutani kuna nini. Kuna Haji fulani "na mkewe", Bei fulani, mheshimiwa wa zamani, "na binti zake". Mama mwenyewe pale kwetu ni "na familia yake", chini ya jina la baba. Jina lake mwenyewe, Wahiba binti Tawfiq, limo kwenye rejista tu, ukurasa ambao mimi ndiye ninayeutunza. Nimefikiri kuwanakili wanawake wote nikuletee wewe. Sijaamua.

Mdogo wako,
Bahgat


Iskandaria, 14 Oktoba

Bahgat, mdogo wangu,

Shawqi alinikabidhi barua yako akiwa ameificha ndani ya soksi. Nimeisoma nikiwa nimeziba pua. Usimtishe mtu wa watu kiasi hicho.

Sisi wazima. Goti halisemi, linapiga kelele. Watalipasua mwezi wa pili. Mume wangu anakusalimu, na hapana, hajasoma.

Bi Dawlat amekwisha nipigia. Mwanamke anayejua anachokitaka, namwogopa kidogo, kwa hiyo tutaelewana. Kila ua ukurasa wake, kama kila ua ulivyo na shuka lake. Hapo hataki mazungumzo. Karatasi nyembamba ya rangi ya maziwa, wino wa bluu ule ule. Mwisho wa kitabu kuna ramani, nyua zote zimetiwa namba.

Wanawake wako niletee. Nimeshajua watakaa wapi. Nitawaweka kwa herufi ndogo ndani kabisa, karibu na mshono, mahali ambapo mtu hafiki mpaka akifungue kitabu kwa mikono miwili na kukibana. Anayetaka kuwaona atawaona. Anayeona ni aibu majina yao kutajwa mbele za watu, kitabu kitamfungukia nusu na ataridhika. Nimefurahi peke yangu hapa kama mwendawazimu.

Ya barabara sina la kusema. Miji inafanya hivyo. Lakini mama awe na ukurasa kabla hawajafika na mashine zao. Hilo ndilo ninalolitaka katika kazi hii yote, sikufichi. Na ule ukuta wenye namba nyekundu, siku ikifika tutaonyesha hati kwamba ua ni wetu. Hati ya umiliki wa ua iko kwako kabatini, au siyo? Angalia panya.

Kula chakula. Acha kufikiri.

Dada yako,
Insaf


Kairo, 6 Novemba

Dada,

Natumai barua hii imekukuta na nafuu. Mimi sijambo, na hati ipo, nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki, panya hawajaigusa.

Mashuka yametandazwa yapata wiki tatu sasa. Siku ya kwanza Ami Gharib mchimba kaburi aliingia asubuhi na koleo begani, akasimama, akatazama juu muda mrefu. "Kumbe leo marehemu wamefua," akasema. Kisha akanivuta kando kuniuliza kama yule bibi atapita pia na kapu la kuanua, maana mvua ikinyesha yeye hana mikono ya kutosha.

Alhamisi ya kwanza walikuja wenye makaburi na mikate yao ya rehema ya kuwagawia maskini, na mirehani. Bibi mmoja wa makamo alikwenda moja kwa moja chini ya shuka lao.

"Hili la babu limepinda," akasema.

Bi Dawlat akamwambia ni upepo.

"Na nyanya yangu mmemweka wapi?"

Bi Dawlat akamwonyesha kwa kidole: na mkewe.

Bibi akacheka kicheko kikavu. "Amemzalia tisa, amemzika, akakaa eda, akamlilia miaka ishirini. Na bado ni na-mkewe." Akagawa mikate yake yote palepale, mpaka wa kupeleka nyumbani, akaondoka bila kuaga.

Usiku ule sikulala, dada, lakini asubuhi nilikuwa nimeamua. Nimenakili majina yote saa ya chakula, wenzangu wawili wanapokwenda kula maharage, kwa penseli, nyuma ya fomu zilizoharibika. Mara moja Ustadhi Tharwat alirudi kufuata miwani yake.

"Bahgat, huli?"

"Nimefunga, ustadhi."

"Jumanne? Watu hufunga Jumatatu na Alhamisi."

Akachukua miwani yake. Akasema Mungu akukubalie, akatoka. Tangu siku hiyo nafunga kila Jumanne ili lisiwe uongo.

Shawqi anakuletea bahasha mbili. Nyua tisini na moja, na wanawake mia nne na kumi na wawili. Mama yuko karatasi ya arobaini. Fomu zenyewe zichome ukimaliza, mwandiko wangu unajulikana.

Mdogo wako,
Bahgat


Iskandaria, 15 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu za hapa zote ni zako. Natumai tumbo limetulia, kwa kuwa barua hii italiamsha.

Umeniletea tisini na moja. Nataka themanini na nane.

Nikueleze, usije ukadhani ni roho mbaya. Kitabu hakikui ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupigwa chapa, ikakunjwa, ikawa kurasa kumi na sita. Huo ni mkunjo. Mikunjo inashonwa pamoja. Chetu kina sita, ndizo kurasa tisini na sita, na karatasi imekwisha kununuliwa na kukatwa. Nane zimekwenda kwa jina la kitabu, maneno ya Bi Dawlat, ramani na shukrani. Nimemwomba mwenye kiwanda mkunjo wa saba. "Bi Insaf," akaniambia, "hao marehemu waambie wabanane kidogo, wamezoea." Nimembembeleza Bi Dawlat nyua mbili zikae ukurasa mmoja, akakata simu.

Basi nyua tatu zitoke. Wewe ndiye unayewajua, mimi nawaona karatasi tu. Chagua watu wasio na wa kuja kumgombeza Bi Dawlat siku ya kitabu. Nijibu kabla ya Ijumaa, mashine haingoji.

Mama amekaa vizuri. Ukurasa wake niliuanza wa kwanza kabla ya wote.

Dada yako,
Insaf


Kairo, 19 Novemba

Dada Insaf,

Natumai hujambo. Mimi sijambo, ila si sana.

Nimechagua. Wa kwanza ni ua wa ndugu wale Waturuki karibu na kisima. Hajaja mtu tangu nilipoajiriwa. Wa pili ni ule ulioanguka ukuta, na Ami Gharib anasema ukoo umekwisha.

Wa tatu ni wetu.

Usitupe barua, soma mpaka mwisho. Kitabu kitafika mezani kwa Ustadhi Tharwat, hilo ni hakika, Bi Dawlat amemwahidi nakala. Atakifungua kwa mikono miwili, maana yeye hufungua kila kitu hivyo. Atawaona wanawake. Atauliza rejista iko kwa nani. Kisha atageuza na kukuta Zahran, jina la ukoo wetu, na ndani ya mshono jina la mama yangu. Nitamwambia nini? Nikiwa simo, naweza kusema sihusiki. Isitoshe umeniambia nichague wasio na wa kugombeza. Nyua zote hizo nilizozipitia, wenye kunyamaza kwa hakika ni sisi wawili tu.

Mama anatujua. Hahitaji kitabu ili tumjue.

Nisamehe.
Bahgat


Iskandaria, 2 Desemba

Bahgat,

Tu wazima wote. Kitabu kilikwenda mashineni siku ile ile barua yako ilipofika.

Nimemtoa. Nilikaa na ukurasa wake saa nzima kabla sijaufuta, wanakiwanda wakadhani kompyuta imeharibika.

Ungeniuliza. Hilo tu. Ungeandika, dada, naogopa, tufanyeje. Ningeifuta shukrani, ile yenye jina langu na la kiwanda, nikampa mama nafasi yake bila jina la baba, bila Zahran, Wahiba tu. Hakuna Tharwat ambaye angejua. Barua yako ilifika saa nne, mashine iliwashwa saa sita, na mimi nilikuwa na hasira mno hata nisilifikirie hilo kabla ya saa kumi. Kwa hiyo kosa tumegawana. Sikuachii lote.

Ukipata nakala yako usiniambie ni nzuri.

Insaf


Kairo, 11 Machi

Dada yangu Insaf,

Miezi mitatu hujaniandikia na mimi sikuwa na uso wa kukuandikia. Nasikia kutoka kwa Shawqi kwamba goti limepasuliwa salama na kwamba uko kitandani na plasta. Mungu akuinue. Hapa mashuka yalianuliwa zamani, Bi Dawlat ameondoka, na kitabu kimewekwa ofisini ndani ya kabati la kioo.

Nakuandikia kwa sababu kimetolewa kabatini.

Barabara imetangazwa. Kamati ilikuja kuomba orodha ya nyua za mashariki, nani kazikwa wapi. Rejista zetu zimepangwa kwa miaka ya kuzika, si kwa nyua. Kuzipanga upya ni kazi ya mwaka mzima. Ustadhi Tharwat akafungua kioo, akaweka kitabu chako mbele yao. "Mabwana, kazi imekwisha fanywa," akasema. "Kila ua ukurasa wake, na ramani nyuma, na namba." Wakakipenda. Waliusifu mpangilio wake, dada. Mmoja alisema laiti ofisi zote zingepata mtu kama huyu.

Sasa kitabu ndiyo orodha. Familia zilizomo zimeitwa na zimepewa mahali kwenye makaburi mapya kule jangwani, kila moja na jiwe lake. Nyua ambazo hazimo zimeandikwa hazina wenyewe, na mifupa yake itakusanywa katika vyumba vya pamoja. Tangazo limebandikwa mlangoni siku kumi na tano: mwenye ua usio kwenye orodha alete hati. Leo ni siku ya saba. Mimi ndiye niliyelibandika.

Kuna na lingine. Mzee mmoja alikifungua kitabu mpaka kwenye mshono, akaja kupiga meza kwamba mama zake wametajwa. Ustadhi Tharwat ametuita sote watatu, makarani. "Mmoja wenu ameitoa rejista," akasema. "Nitamjua, na nikimjua atakwenda kwenye uchunguzi." Nikienda na hati yetu, atauliza kwa nini ua wa karani wa rejista ndio ulioachwa. Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha hapo.

Na ikifika tarehe kumi na tisa natakiwa kutia sahihi kwamba nyua zote zenye wenyewe ni themanini na nane, sawa na rejista.

Niambie la kufanya.

Mdogo wako,
Bahgat


Iskandaria, 14 Machi

Bahgat,

Sina nafasi ya salamu.

Usitie sahihi. Fungua kabati, toa hati, panda ngazi, iweke mezani kwa huyo mtu. Uchunguzi ni nini? Watakuandikia barua ya onyo, watakuhamisha, watakufukuza. Utakuja hapa, nitakufundisha kushona vitabu, utakula mezani kwangu. Umekufa wewe? Aliyekufa ni mama, na wanataka kumchanganya na watu asiowajua.

Kama huwezi, na najua huenda huwezi, basi usiende. Sikulazimishi. Mpe Shawqi hati. Hilo tu, uitoe mfukoni na kuiweka mkononi mwake. Nitabebwa mpaka Kairo na plasta yangu, niingie mimi, niseme mimi ni binti yake na mdogo wangu sijaonana naye mwaka mzima. Nitakukana mbele yao ukitaka. Nitasema tumegombana. Haitakuwa vigumu.

Bila hati hawatanisikiliza, wewe unawajua kuliko mimi. Mume wangu atakuwa stesheni kila treni ya Shawqi ikifika.

Dada yako,
Insaf


Iskandaria, 18 Machi

Treni nne. Hati haijafika. Kesho ni siku ya mwisho.

Insaf


Kairo, 6 Aprili

Dada yangu,

Simu yako imefungwa na barua zangu mbili Shawqi amezirudisha kama zilivyo. Hii nimemwomba aiache chini ya mlango wako. Sikuulizi hali, ninajua sina haki hiyo. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa kuwa ninachoweza ni kupanga tu.

Hati niliitoa kabatini tarehe kumi na tano. Nilikwenda nayo stesheni mara mbili, nikamwona Shawqi akikagua tiketi, nikasimama nyuma ya nguzo mpaka treni ikaondoka. Mara ya pili aliniona, akanipungia mkono. Nikapunga pia. Tarehe kumi na tisa nilitia sahihi, saa tano asubuhi, kwa kalamu ya ofisi.

Walianza kutoa mifupa tarehe ishirini na nne. Nilipewa kusimama langoni na kitabu chako na kalamu, nitie alama kila ua uliokwisha. Ami Gharib alishuka yeye mwenyewe kwenye vyumba vya maziko chini ya nyua, hakutaka vibarua. Unamjua: mwanamke, hata akiwa amebaki hivyo, hampi mtu baki, ila maharimu wake, ndugu wa damu asiyeruhusiwa kumwoa. Anatoa kichwa mlangoni anauliza, "Maharimu wake yupo?" na mwana au mjukuu anashuka ngazi, anapokea ndani ya shuka jeupe. Kila ua walijibu. Wengine walikuja watano wakigombania kushuka.

Walifika kwetu saa saba, marumaru yenye jina imekwisha kung'olewa. Alimtoa baba kwanza. Kisha akarudi chini, akakaa, akatoa kichwa.

"Maharimu wake yupo?"

Palikuwa na mhandisi, dereva, Ustadhi Tharwat na mwavuli wake, na mimi. Ami Gharib alikuwa akinitazama mimi. Siku ya maziko tulimshusha mama pamoja, yeye na mimi, nilikuwa na miaka kumi na tisa, akanifundisha nishike wapi.

"Maharimu wake yupo?"

"Vipi?" Ustadhi Tharwat akaniuliza. Nikafungua kitabu, nikajifanya natafuta.

Akauliza mara ya tatu, pole pole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Orodha haina mtu, Ami. Endelea."

"Orodha sikuiuliza," akasema.

Akampandisha mwenyewe. Ili asipite karibu yangu alizunguka ukuta mzima, mzee yule, na mzigo wake kifuani.

Yuko katika chumba cha pamoja namba saba, upande wa wanawake. Wako thelathini na wanne, pamoja na waliotoka makaburi mengine. Nje pana bamba la saruji, halina maandishi. Wanawake wa kitabu wote wamepata mawe, na mawe yana majina yao kamili, kwa sababu wachongaji walinakili ukurasa mzima neno kwa neno, na hakuna aliyewaambia waruke herufi ndogo. Nimewahesabu. Wamo mpaka yule na-mkewe. Anaitwa Bahiya.

Uchunguzi umefungwa. Ustadhi Tharwat alituita tena watatu. Akasema yule mzee ametulizwa, na kwamba aliyenakili majina ya wanawake, awe nani, ameipunguzia ofisi kazi ya mwaka, na yeye binafsi anamshukuru. Akacheka. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, dada.

Unaweza kusema, basi sasa nenda ukaseme. Lakini sasa kuna sahihi yangu kwenye orodha ambayo najua si kweli, na hilo si onyo tena, hilo ni mahakama.

Ami Gharib ameniambia ulikuja Alhamisi na fimbo, ukasimama palipokuwa ukuta, ukamwuliza yeye, naye akakujibu kila ulichouliza. Nilikuwa ofisini, hatua mia mbili. Nilikuona kutoka dirishani. Sikujua ni wewe mpaka ulipogeuka, kwa namna unavyotembea sasa.

Kama utataka kunipata: nimehamishiwa ofisi ya makaburi mapya tangu jana, wamenipandisha cheo. Usipige simu. Ukiandika, usiweke Zahran juu ya bahasha, weka "Karani wa Rejista", itanifikia. Ukija mwenyewe, basi ndogo za jangwani zinaondoka chini ya daraja saa mbili na saa sita. Shuka kituo cha mwisho, ofisi ni chumba cheupe mkono wa kushoto wa lango. Siku nzuri ni Jumanne, wenzangu wanakwenda kula na mimi nabaki. Mlinzi atakuuliza wewe ni nani wangu. Mwambie umekuja kuulizia kaburi.